Motokaa Inapochemka: Tuulize Kwanza Inachemka Lini

Wasikilizaji wetu wengi, na wasomaji watakaokifungua kijitabu hiki shuleni au barazani, wamepata kuona lori limesimama kando ya barabara ya mlimani, boneti iko wazi, mvuke unafoka kama wa sufuria ya wali, na abiria wameketi nyasini wakingoja. Mara mtu huja mbio na debe la maji kutoka mtoni. Maji yamiminwa, injini yawashwa, safari yaendelea. Na siku ya pili, pale pale, lori lasimama tena. Katika mazungumzo haya twapenda kueleza kwa nini injini huchemka, na jinsi mtu asiye fundi awezavyo kuutambua ugonjwa wake kabla haujaiua. Sisi tu walimu, wala si mafundi wa karakana. Tumeyajua mambo haya kwa kuwa tulipata hasara kwayo, na hasara yenyewe tutaisimulia kwanza.

Tulikuwa tukipanda kutoka Mombo kwenda Lushoto, katika milima ya Usambara, ndani ya lori kuukuu la chuo. Barabara ile huanza penye joto la bondeni karibu na reli, hupanda kwa mapindi mengi mpaka Soni, kisha mpaka Lushoto. Na katika mwendo wa kilomita 30 na kitu mtu huwa amepanda yapata mita 1,000. Lori lilichukua magunia ya mahindi, madawati, na wanafunzi 14. Dereva wetu, mzee mwenye heshima zake, alituambia, “Mwalimu, injini imeanza kulalamika. Na tusimame.” Tukamjibu, “Mzee, tuvumilie kidogo. Soni si mbali, na jua linakuchwa.” Neno hilo ndilo tunalolijutia. Hatukufika Soni. Mvuke ulikifunika kioo chote, na mzee akalazimika kusimama bila kutungoja sisi tena.

Utingo, kijana wa miaka kama 18, aliruka chini, akavua shati lake, akalizungusha mkononi, akafungua kifuniko cha rejeta. Maji yalirukia juu kama chemchemi, yakamwunguza mkono mzima na upande mmoja wa shingo. Tulimshusha mtoni tukamwagia maji mkononi muda mrefu, na hilo lilikuwa jambo jema, maana mtu aliyeungua afaa kumwagiwa maji safi ya baridi kwa muda wa dakika 20, wala asipakwe mafuta wala dawa ya meno. Ndipo akapelekwa hospitalini. Sisi tuliobaki, kwa fadhaa tuliyokuwa nayo, tukachota maji yale yale ya mto, tukayamimina yote kwa mara moja ndani ya injini iliyokuwa bado moto kabisa. Tukasikia mlio mmoja: ta! Maji yaliyoupoza mkono wa kijana yalikuwa yamepasua kichwa cha silinda.

Kesho yake alikuja fundi kutoka Mombo. Hakugusa spana. Aliketi juu ya jiwe akauliza, “Mwalimu, kabla ya jana lilikuwa likichemka lini?” Tukamjibu ya kuwa lilikuwa limechemka kwa majuma kama manne, nasi kila mara tuliongeza maji. “Hilo sikuuliza. Nauliza, lini? Likipanda mlima, au penye tambarare?” Tukasema, mlimani tu. “Na likisimama sokoni, injini ikiwaka?” Tukasema, sokoni halina neno. Akatikisa kichwa. “Basi feni haina kosa. Tufungue rejeta.” Alipoifungua tukaona kwamba vijibomba vyake vingi vilizibwa na ukoko mweupe, kama ule ulio ndani ya birika kuukuu la chai. Kwa miezi mingi tulikuwa tukiijaza rejeta ile kwa maji ya kisima chenye chumvi. Fundi alisema kwa upole, “Mmekuwa mkimnywesha mgonjwa maji kila siku, wala hamkumwuliza anaumwa wapi.”

Ili swali la “lini” lipate maana, yatupasa kujua kidogo habari za moto wenyewe. Injini ya petroli au ya dizeli ni jiko lililofungwa ndani ya chuma. Gesi inayowaka juu ya pistoni hupata joto la zaidi ya digrii 2,000 za sentigredi kwa kitambo kidogo sana. Na pistoni za injini nyingi hufanywa kwa aluminiamu, ambayo huyeyuka penye digrii 660. Mbona basi pistoni haiyeyuki? Ni kwa sababu moto ule hudumu chini ya kupepesa jicho, na joto lake huondolewa upesi. Kwa kukadiria tu, theluthi moja ya joto la mafuta hugeuka kuwa nguvu ya kuliendesha gari, theluthi nyingine hutoka na moshi, na iliyobaki lazima ichukuliwe na maji, oili na upepo. Maji yakishindwa kazi hiyo, chuma hutanuka kupita kiasi, oili huwa nyepesi kama maji, na pistoni hukwama ndani ya silinda.

Watu wa kwanza walioendesha motokaa walitaabika sana na jambo hili. Mwezi wa Agosti 1888, Bibi Bertha Benz aliichukua motokaa ya mumewe Karl, akasafiri pamoja na wanawe wawili kutoka Mannheim mpaka Pforzheim, huko Ujerumani, safari ya kilomita zaidi ya 100. Gari lile halikuwa na rejeta kama zetu. Maji yake yalichemka na kupotea hewani, basi ikawa lazima kusimama mara kwa mara kutafuta maji, kama msafiri mwenye punda. Baadaye Wilhelm Maybach alitengeneza rejeta yenye maelfu ya vijibomba vidogo, mfano wa sega la nyuki, kwa ajili ya gari la Mercedes lililotokea mwaka 1901. Tangu hapo maji machache huweza kuzunguka kutwa nzima bila kuisha.

Na mzunguko wenyewe ni huu. Pampu huyasukuma maji yapite katika mianya inayozizunguka silinda. Yakiisha kupata joto hupanda mpaka penye mlango mdogo uitwao themostati. Ndani ya mlango huu mna nta. Nta ikipata joto hutanuka na kuusukuma mlango ufunguke. Injini ikiwa baridi mlango hufungwa, ili maji yapate joto upesi. Yakifika digrii 80 au 90 hivi, hufunguka, na maji huenda kwa mpira wa juu mpaka kwenye rejeta. Humo hushuka polepole katika vijibomba vyembamba, na upepo unaovutwa na feni huliondoa joto lao. Kisha hurudi injini kwa mpira wa chini.

Kimebaki kifuniko, ambacho watu wengi hukidharau wakidhani ni kama kifuniko cha mtungi. Sivyo. Ndani yake mna springi inayoyakandamiza maji. Wanafunzi wetu wamejifunza kwamba maji huchemka penye digrii 100; lakini hiyo ni pwani. Kadiri tupandavyo juu, hewa hupungua uzito, na maji huchemka mapema, yapata digrii moja chini kwa kila mita 300. Maji yachemkayo kwa digrii 100 pale Tanga huchemka kwa digrii 95 hivi Lushoto, na karibu na 94 Nairobi. Kifuniko kizuri huipinga hali hiyo: kikiyakandamiza maji sawasawa, yaweza kufika digrii 120 hivi pwani yasichemke. Basi lori lenye kifuniko kilicholegea laweza kutembea pwani mwaka mzima bila neno, likachemka siku ya kwanza ya mlima. Na hapo twaelewa lililompata utingo wetu. Maji yaliyo ndani ya rejeta yenye moto ni makali kuliko maji yoyote ya jikoni, nayo yametulia kwa sababu tu yamekandamizwa. Kifuniko kikitolewa, sehemu yake hugeuka mvuke papo hapo, na mvuke huo huyarusha maji mengine yote nje.

Sasa turudi kwa swali la fundi.

Injini ikichemka mara baada ya kuwashwa asubuhi, kabla haijafanya kazi ya maana, tutazame kwanza kama maji yamo. Kama yamo, tutazame mkanda. Katika malori na magari mengi mkanda mmoja huizungusha pampu pamoja na mashine ya kutia umeme katika betri. Kwa hiyo taa nyekundu ya betri ikiwaka na sindano ya joto ikapanda wakati ule ule, yamkini mkanda umekatika, na dereva asiendelee hata hatua mia. Mkanda ukiwa mzima, tuiangalie mipira miwili ya maji. Tukipeleka mkono karibu na ule wa juu tukaona ni baridi, na huku sindano yaonyesha moto, mlango wa nta umekwama katika hali ya kufungwa.

Injini ikichemka mjini, au sokoni, au inapongoja kivuko, lakini ikapoa mara ipatapo mwendo mzuri barabarani, basi kosa li katika feni. Sababu ni rahisi. Gari likienda upesi, upepo wa safari huifanya kazi ya feni. Likisimama, hakuna mwingine wa kuifanya. Penye feni ya mkanda, tuubonyeze mkanda kwa kidole gumba, injini ikiwa imezimwa: ufaa kubonyea kama upana wa kidole kimoja, si zaidi. Magari ya siku hizi mengi yana feni ya umeme, na hapo tutazame fyuzi na waya zake. Lakini tahadhari: feni ya umeme yaweza kuanza kuzunguka yenyewe hata injini ikiwa imezimwa, kwa hiyo vidole visikae karibu nayo.

Ugonjwa wa mlimani, kama ule wa lori letu, ndio wenye sababu nyingi. Injini ikivuta mzigo hutoa joto jingi, na kila kilicho dhaifu huonekana hapo. Mara nyingi ni rejeta iliyozibwa, ama kwa ndani na ukoko na kutu, ama kwa nje na matope, mbegu za nyasi na mabawa ya panzi. Uchafu wa nje huoshwa kwa maji yasiyo na nguvu nyingi, yakitoka upande wa injini kwenda mbele, bila kuukunja ule mabati mwembamba. Huenda ikawa mpira wa chini umechakaa, na pampu ikivuta kwa nguvu mpira hunywea, njia ikafungwa. Injini ikipunguzwa mwendo mpira hurudia hali yake, na fundi asiyetazama injini inapokwenda kasi hauoni ugonjwa huo kamwe. Huenda pia mapanga ya pampu yameliwa na kutu. Wala si kila mara kosa huwa ndani ya injini. Breki inayoshika pasipo kukanyagwa huchosha injini. Dereva anayepanda kwa gia kubwa, injini ikigugumia, huifanya pampu na feni zizunguke polepole hali joto ni jingi. Akibadili gia ndogo mapema hupata nafuu. Na lori lililopakiwa kupita kiasi litachemka hata likiwa jipya. Yale magunia yetu ya mahindi hatukuyasema mbele ya fundi, ila aliyaona.

Iko namna nyingine, nayo ni mbaya kuliko zote: maji hupungua kila siku, na chini ya gari hapana hata tone. Kati ya kichwa cha silinda na mwili wa injini mna gasketi nyembamba. Ikiungua, maji huingia mahali pa moto, au moto huingia katika maji. Dalili zake ni moshi mweupe usiokoma hata injini ikiisha kupata joto. Oili kugeuka rangi ya chai ya maziwa. Na mapovu kutokea rejetani bila kikomo, kama kwamba maji yanachemka nayo hayajapata joto. Mwenye kuona dalili hizi asimamishe gari. Gasketi ni kitu cha bei nafuu, lakini injini iliyoendeshwa bila gasketi nzima huweza kufa katika safari moja.

Neno moja juu ya sindano ya joto. Yaweza kutudanganya. Kichomeo chake hupima joto la maji. Maji yakiisha kabisa, hubaki hewani, na sindano huenda ikashuka na kuonyesha baridi wakati injini inaungua. Sindano ikipanda sana kisha ikaanguka ghafula, hapo ndipo pa kusimama upesi, wala si pa kushukuru.

Wanafunzi wetu hupenda kujaribu mlango wa nta, na jaribio hili hufanyika jikoni. Tuufunge mlango kwa uzi, tuutie katika sufuria ya maji usiguse chini, tupashe moto huku tukitazama. Kabla maji hayajachemka sana lazima uonekane ukifunguka polepole, na ukitolewa majini ujifunge tena. Usiofunguka hautengenezwi, hununuliwa mwingine. Twasema hivi kwa kuwa mafundi wengi barabarani, wakiona mlango umekwama, huutupa kabisa, na gari likapita bila mlango. Safari ile hufika, ni kweli, na katika shida twaweza kuwasamehe. Lakini injini hiyo hubaki baridi muda mrefu kila asubuhi, hunywa mafuta mengi, na silinda zake huliwa upesi. Mwenye gari hujiona amepona, hali amebadili ugonjwa mmoja kwa mwingine.

Na likichemka njiani tufanyeje? Likianza tu, dereva apunguze mwendo na kutafuta mahali pa kusimama penye usalama. Gari likiwa na kipasha joto cha ndani, akifungue chote, hata kama abiria watalalamika, kwa maana huchukua sehemu ya joto la injini. Akiisha kusimama, azime injini, aweke jiwe nyuma ya gurudumu, afungue boneti kwa hadhari, kisha asiguse kitu. Angoje nusu saa, au zaidi, hata mpira wa juu ushikike kwa mkono na kubonyea. Ndipo achukue gunia au kitambaa kizito, kilichokunjwa mara nyingi, ageuze kifuniko kidogo tu mpaka mvuke uliosalia utoke, uso wake ukiwa mbali, kisha akitoe. Maji yatiwe kidogo kidogo, yenye uvuguvugu yakipatikana, na injini ikiwaka polepole, ili chuma kisipate mshituko uliopasua chuma chetu. Pasipo maji ya uvuguvugu, kungoja zaidi ndiyo dawa.

Kuhusu maji yenyewe, ya mvua yaliyochujwa ni mema kuliko ya kisima chenye chumvi. Bora zaidi ni kuyachanganya na ile dawa ya rejeta iuzwayo madukani, kwa kadiri iliyoandikwa kwenye chupa. Hupandisha kiwango cha kuchemka na kuzuia kutu. Lakini nyingi za dawa hizo zina sumu iitwayo ethilini glikoli, nayo ina ladha tamu. Kiasi kidogo chaweza kuua mtoto, mbwa au mbuzi kwa kuziharibu figo zake. Dawa iliyomwagika ioshwe kwa maji mengi, ya zamani isimwagwe uani, na chupa yake isitumiwe kamwe kuwekea mafuta ya taa au maji ya kunywa.

Utingo wetu alipona, ila ngozi ya shingo imebaki na kovu. Siku hizi yeye ndiye dereva wa lori lile, lenye kichwa kipya cha silinda na rejeta mpya. Akisimama mlimani huketi juu ya kifuniko cha boneti kilichofungwa, akala muwa, na hakuna mwalimu awezaye kumharakisha.